Donkey Kong (mchezo wa video)

Donkey Kong ni mchezo wa video wa mashine za sarafu uliotolewa mwaka 1981 na kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani. Mchezaji humwongoza seremala anayekwea ngazi na mihimili ya jengo lisilokamilika, huku akiruka mapipa yanayoporomoshwa na sokwe aliyemteka mwanamke. Una hatua nne na huhesabiwa kuwa miongoni mwa vyanzo vya michezo ya majukwaa.

Chimbuko

Mchezo huu ulitokana na hasara. Tawi la Nintendo nchini Marekani, chini ya Minoru Arakawa, liliagiza mashine 3,000 za Radar Scope, mchezo wa kutungua vyombo vya angani. Zilipofika kwa meli, hamu ya wateja ilikuwa imekwisha, na takriban 2,000 zikadoda ghalani. Arakawa alimwomba baba mkwe wake, Hiroshi Yamauchi, rais wa kampuni, mchezo mpya wa kuingizwa katika mashine zilezile. Kazi alipewa Shigeru Miyamoto, mchoraji asiye mtaalamu wa programu, akisimamiwa na Gunpei Yokoi. Programu iliandikwa na kampuni ya Ikegami Tsushinki.

Uundaji

Nintendo ilikusudia kutumia wahusika wa katuni ya Popeye, ikakosa haki. Miyamoto aliubakiza ugomvi wao: sokwe akashika nafasi ya Bluto, mwanamke ya Olive Oyl, na seremala ya Popeye. Space Panic ya mwaka 1980 ilikuwa na ngazi, lakini mchezaji hakuweza kuruka; hapa kuruka kulipewa kitufe chake.

Umbo la seremala liliamuliwa na uchache wa nukta kwenye skrini. Masharubu yaliondoa haja ya kuchora mdomo, kofia ikaondoa haja ya nywele, na ovaroli ikaifanya mikono ionekane inapopunga.

Matokeo

Mashine zilizododa zilibadilishwa na kuuzwa. Seremala, aliyeitwa Jumpman, alipewa jina la Mario kutoka kwa Mario Segale, mwenye ghala lililopangwa na Nintendo karibu na Seattle. Mwaka 1982 studio ya Universal ilishtaki kwamba mchezo umeiga King Kong. Ilishindwa mwaka 1983, kwa kuwa yenyewe iliwahi kudai mahakamani kuwa kisa hicho ni mali ya umma. Mwaka huohuo Mario alipata mchezo wenye jina lake, Mario Bros.