Mbegu hii umepewa na nani?

Wadau, leo siasa naiweka kando kidogo. Leo habari ni ya kijiti.

Nasema kijiti kwa makusudi. Kwetu Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, upande huu wa Mto Mara ukitazamana na Tarime, ukimwomba mtu mbegu ya muhogo hakupi punje. Anaingia shambani na panga, anakukatia mashina mawili matatu, anayafunga mzigo, "haya mura, nenda kapande." Hulipi kitu. Kumtoza jirani hela ya mbegu ya muhogo ni aibu, sawa na kumuuzia kaa la moto la kuwashia jiko. Kwa hiyo shamba la mtu ukilichunguza vizuri ni orodha ya watu waliowahi kumtendea wema: mstari huu ulitoka kwa mjomba, ule kwa yule mama wa ng'ambo ya mto, na ule ulikuja na mkwe.

Nimekumbuka hayo kwa sababu rafiki zangu wa mjini nao wamepatwa na homa ya vijiti. Kila baraza la ghorofa sasa lina glasi ya maji yenye tawi la waridi, mnanaa au asumini, na kila wiki ananipigia mtu kuuliza kwa nini lake limeoza. Sijui nani aliwaambia kwamba mtu wa Mara ni bwana shamba kwa kuzaliwa. Lakini haya, tuanze na hilo tulimalize.

Wengi wanaua vijiti kwa mapenzi. Maji asubuhi, maji mchana, maji wakirudi kazini. Kijiti kisicho na mizizi kina shida mbili zinazovutana. Majani yanapoteza maji wakati chini hakuna wa kuyafidia, kwa hiyo kinanyauka. Ukikizamisha kwenye tope, sehemu iliyokatwa inakosa hewa na kuoza. Dawa ni kupunguza majani, yabaki mawili matatu, na kuchomeka kijiti kwenye mchanga safi wenye unyevunyevu, si wenye maji yanayosimama. Weka kivulini penye mwanga, ufunike kwa chupa ya plastiki angavu uliyoikata kitako. Kata chini kidogo tu ya fundo, maana hapo ndipo mizizi hupenda kuanzia. Halafu usikivutevute kila siku kuona kama kimeshika! Waridi linaweza kuchukua wiki nne hata sita.

Na usikipande kichwa chini. Kijiti kinajua juu na chini yake hata baada ya kukatwa, kwa sababu homoni iitwayo auksini hutiririka kutoka kwenye macho ya juu kwenda kwenye kitako, ikifika pale inaamsha mizizi. Mholanzi Frits Went aliithibitisha homoni hiyo miaka ya 1926 hadi 1928, na mwaka 1935 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba homoni za kutengenezwa maabara zinaharakisha mizizi. Bibi zetu hawakumsubiri Went. Kwa muhogo walishajua kwamba unachukua sehemu ya katikati ya shina, si ncha laini wala kitako kigumu mno, kwenye mmea wa miezi kama 8 hadi 18. Unakata vipande vya sentimita 20 hadi 25 vyenye macho matano au zaidi. Na kama mvua haijaja unayasimamisha mashina chini ya mti, vitako vikigusa udongo, yasubiri.

Hapo ndipo masomo mengi ya bustani yanapoishia: kijiti kimeshika, hongera. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Punje ya mahindi ni mtoto, ina baba na mama, na haifanani kabisa na yeyote kati yao. Kijiti si mtoto. Kijiti ni mmea ule ule, mtu yule yule, amehamia shamba jingine. Kila alichonacho anahama nacho: utamu wake, uchungu wake, uvumilivu wake wa jua, na maradhi yake. Maradhi ya virusi yaliyomo kwenye shina hayaondoki eti kwa sababu kijiti kimechipua kwa furaha. Kuchipua si cheti cha afya.

Sasa twende kwenye historia, maana nchi yetu iko katikati kabisa ya kisa hiki.

Muhogo si mwenyeji wetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika kuanzia karne ya 16. Mwaka 1894, katika ardhi hii iliyokuwa koloni la Wajerumani, mtaalamu wa mimea aitwaye Warburg aliandika kuhusu ugonjwa unaokunja na kutia madoa majani ya muhogo. Ndiyo maandishi ya kwanza kuhusu ugonjwa tunaouita batobato. Mwaka 1906 Mjerumani mwingine, Zimmermann, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, akasema huenda chanzo chake ni virusi. Kituo chenyewe kilianzishwa mwaka 1902.

Waingereza walipochukua nchi wakakuta muhogo ni askari wao wa bure dhidi ya njaa. Unakaa ardhini, nzige akipita mizizi haiguswi, mvua ikichelewa wenyewe unasubiri. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ilitumika kuwabana watu walime mazao ya akiba, na muhogo ulikuwa kwenye orodha. (Baada ya uhuru tukairudia amri kwa jina jingine: mwaka 1974 ilikuwa Kilimo cha Kufa na Kupona.) Watu hawakupenda kuamriwa, ila vijiti vilikuwa vya bure na ugali wa udaga unashibisha, basi muhogo ukaenea. Batobato nayo ikaenea, kwa njia mbili: nzi weupe wanaonyonya majani, na sisi wenyewe na mizigo yetu ya vijiti.

Amani ilipofufuliwa chini ya Waingereza, katikati ya miaka ya 1930 akina H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kutafuta muhogo usioshikwa. Walikusanya aina kutoka sehemu nyingi za dunia, hazikutosha. Wakageukia jamaa za muhogo, hasa mti wa mpira wa Ceara. Huu ni mti ambao Wajerumani waliupanda hapa kwa wingi wakiota utajiri, hadi bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 na mashamba yakatelekezwa. Nimeipenda sana sehemu hii. Zao lililowafilisi walowezi ndilo lililobeba kinga ya chakula cha maskini.

Walichanganya muhogo na mpira, wakapata mti wenye kinga lakini mizizi yake haifai. Wakaurudisha kwa muhogo mara ya pili, mara ya tatu, kizazi baada ya kizazi, hadi miaka ya 1950. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1936, Storey akaandika pia kuhusu ugonjwa wa pili: michirizi ya kahawia. Huo ni mwizi mwenye adabu. Dalili za majani ziko kwenye yale ya chini, yale ambayo hata hivyo yanazeeka na kudondoka. Shina mara nyingi linasimama zuri kabisa, la kupigia picha. Unang'oa baada ya mwaka, unakata muhogo, ndani kuna uozo mkavu wa kahawia. Mfikirie sasa anayechagua kijiti kwa macho.

Kazi ya Amani ikakoma, na mahali penyewe pakawa kituo cha utafiti wa malaria. Vijiti vyake vikaendelea na safari kwa njia mbili, na hizo njia mbili ndizo zilizonifanya niandike leo.

Njia ya kwanza ilikuwa ya ofisini. Mbegu halisi, punje, za uzao uliopewa namba 5318/34 zilipelekwa Nigeria. Kati ya miche iliyoota pale Moor Plantation, Ibadan, ulichaguliwa mmoja ukaitwa 58308. Kuanzia mwaka 1971 Sang Ki Hahn wa taasisi ya IITA, hapo hapo Ibadan, aliutumia kuzalisha mihogo yenye kinga, mmojawapo TMS 30572. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya aina kali ikaanza kufyeka mashamba ya Uganda. Watu walihama muhogo, wengine walikaa na njaa. Uganda ikapanda TMS 30572 kwa jina la Nase 3. Damu iliyotoka Usambara ikarudi Afrika Mashariki imepitia Ibadan, miaka arobaini baadaye. Kirusi kile kikali kikavuka mipaka, kikaingia magharibi mwa Kenya na kisha kwetu kupitia Kagera, na ikalazimu kanda nzima ya ziwa itafute vijiti vya namna hiyo hiyo.

Njia ya pili haikuwa na ofisi. Pwani ya Kenya wakulima wana muhogo wanaouita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima wana muhogo wanaouita Namikonga. Yote miwili inasifika kwa kuihimili michirizi ya kahawia. Watafiti walipoipima vinasaba katika karne hii wakakuta si ndugu, ni mmea mmoja. Na huyo Kaleso ndiye yule aliyeandikwa Amani kwa namba 46106/27.

Hebu litafakari hilo. Mmea mmoja, uliotoka mikononi mwa watafiti zaidi ya miaka 60 iliyopita, umevuka uhuru, vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera, mfumuko wa bei na soko huria, ukiwa hauna bajeti wala mlinzi. Uliishi kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mtu aliyekata kijiti akampa mwenzake. Namba ilipotea njiani, watu wakaupa jina lao. Leo wazalishaji wa mbegu wanaurudia huo huo Namikonga, wanauchanganya na mihogo mingine ili wapate kinga. Wenzangu wa magazeti tunapenda kuandika kwamba wakulima "wanaelimishwa". Sawa, lakini hapa maktaba ilikuwa shamba la mama fulani.

Ila nisije nikaimba sifa nikasahau upande wa pili. Mkono ule ule uliohifadhi Namikonga ndio unaosambaza uozo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani, haienei juu ya mita 1,000. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, juu ya kiwango hicho, na baada ya hapo ikazunguka nchi za Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi, na Kenyamonta iko juu zaidi ya ziwa. Yaani ile kinga tuliyodhani tumepewa na Mungu kwa kuishi mlimani haipo tena.

Hapo ndipo mila inapopata mtihani. Mgeni amekuja na mzigo wa vijiti begani, amevibeba kwa miguu, unamwambiaje kwamba huvitaki? Na wewe ukinyima, utamwomba nani mwaka wa jua kali? Wataalamu wanasema nunua vipando vilivyothibitishwa. Wana haki. Lakini ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inataka vijiti 4,000, na vijiti si pakiti ya mbegu za nyanya unayotia mfukoni. Ni mizigo ya kujaza gari, inayokauka ukichelewa. Kwa bei yoyote, mtu wa Kenyamonta hatanunua 4,000.

Nilichokiona kwa baadhi ya watu nyumbani, na ambacho mimi nakiunga mkono kuliko hotuba, ni hiki. Mtu anaomba mbegu, hapewi siku hiyo hiyo. Wanatembea shambani wakati majani ya chini bado yapo, wanafunga kitambaa kwenye mashina yasiyo na doa. Msimu wa kuvuna ukifika, linang'olewa kwanza shina lenye kitambaa, muhogo unakatwa vipande mbele ya mwombaji. Ukiwa mweupe hadi mwisho, kinachokatwa kuwa mbegu ni shina la mti huo huo. Hakuna aliyenyimwa, hakuna aliyetukanwa. Njia hii haikamati kila kirusi, lakini inawazuia watu kupeana uozo unaoonekana kwa macho.

Na anayeweza kupata vile vya kununua, anaanza na 50 tu, anavipanda peke yake mbali na shamba la zamani, na chochote chenye doa kinang'olewa mapema. Shina moja lililokomaa hutoa vijiti kama kumi. Hamsini vinakuwa 500, mwaka unaofuata 5,000. Ekari imejaa, na vinabaki 1,000 vya kugawa.