Bizimu la Ami: Habari za Matandiko ya Punda, Unguja na Matrah

Katika kitabu chetu cha mwaka uliopita ndugu yetu mmoja aliandika habari za majahazi yaliyowachukua wazee wetu kutoka Sur na Matrah mpaka Unguja, akasema kuwa kila kilichopakiwa katika majahazi hayo kimeshaandikwa. Kwa ruhusa yake, mimi nasema bado. Punda hajaandikwa. Na katika habari za punda kuna kitu kidogo zaidi, nacho ni bizimu la mkanda wake. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa kuwa waliokijua wamebaki wachache, na mimi ni mmoja wao.

Vijana wetu waliozaliwa huku Oman huenda neno bizimu hawalijui kwa Kiswahili, lakini kwa Kiarabu wanalijua: ibzim. Ni kile chuma cha kufungia mshipi, jamaa wa yale ya fedha yaliyomo katika hizamu ya hanjari ambayo masonara wa Matrah wanayafua mpaka leo. La punda halina fedha wala nakshi. Lakini hanjari ikilegea kiunoni mtu anaaibika tu, na mkanda wa punda ukilegea au ukibana vibaya kuna roho inayoumia.

Unguja tulikuwa na punda wa namna mbili. Kulikuwa na punda wa kwetu, mdogo, wa kijivu, mwenye mstari mweusi uliokata mabegani. Na kulikuwa na punda wa Maskati, mweupe, mrefu, ambaye zamani alikuwa kipando cha watu wakubwa. Hao walikuja kwa jahazi wakati wa kaskazi, pamoja na tende na papa mkavu, na bei yao ilikuwa kubwa. Sifa yao ilivuka bahari mpaka bara, hata Wajerumani walipokuwa Tanganyika walikuwa na neno lao, Maskatesel, kwa maana hiyo hiyo ya punda wa Maskati. Ngamia nao walikuwako mjini, wakizungusha vinu vya mafuta ya ufuta. Lakini hao wana habari yao peke yao, na leo sitaiingia.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na gari moja la punda. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1964, shamba la karafuu tulilokuwa nalo upande wa Kizimbani liliondoka mikononi mwetu, lakini gari lilibaki. Kwa hiyo aliyekuwa mwenye shamba akawa mchukuzi. Alichukua mbata za watu, mihogo ya watu, na mawe ya watu waliokuwa wakijenga. Nyumba nzima, watu tisa, ilikula kwa magurudumu mawili hayo. Nayasema haya si kwa kulalamika; kila ukoo katika kitabu hiki una habari kama hiyo au nzito kuliko hiyo. Nayasema ili msomaji ajue mkanda mmoja ulikuwa umebeba nini.

Punda walikuwa wawili, gari moja, na matandiko pea moja. Punda mkubwa alikuwa wa mbegu ya Maskati, amezeeka, na mdogo alikuwa wa kwetu. Walipokezana, mmoja leo na mwengine kesho. Matandiko yalishonwa kwa kipimo cha yule mkubwa. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Punda wa gari havuti kwa shingo, wala havuti kwa mgongo. Anavuta kwa kifua. Mkanda mpana unapita mbele ya kifua chake, na ncha zake mbili zinakwenda nyuma kufungwa katika gari. Mkanda huo ukikaa juu mno unapanda kooni na kumkaba pumzi. Ukikaa chini mno unagonga viungo vya mabega, na kila hatua unamchubua. Mahali pake pa haki ni padogo, kiasi cha upana wa kiganja. Na kinachouweka hapo ni ukanda mwengine mwembamba unaopita juu ya shingo na kuuning'iniza. Watu hutazama mkanda wa kifuani kwa kuwa ndio mkubwa, lakini kazi ya kuamua iko kwa ule mwembamba wa juu, na bizimu lake ndilo lenye amri.

Bizimu la kawaida lina ulimi, na ukanda una matundu. Matundu ya ukanda wetu yalikuwa mbali kwa mbali kiasi cha inchi moja. Kwa punda mkubwa, tundu la tatu lilikuwa sawasawa. Kwa mdogo, tundu la sita lilikuwa chini mno na la saba lilikuwa juu mno. Alichokihitaji kilikuwa baina ya la sita na la saba, na baina yake hapakuwa na kitu ila ngozi. Akatoka kidonda cha bega la kulia, kikubwa kama sarafu ya shilingi.

Mwaka huo, 1968, nilikuwa na miaka kumi na moja. Asubuhi nilikwenda skuli, alasiri chuoni, na baina ya hapo nilikuwa kwa ami nikisafisha zizi. Kidonda kile kilinisikitisha. Siku moja nikachukua msumari, nikautia motoni mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa tundu langu baina ya la sita na la saba. Nilipomtandika punda mkanda ukakaa pale pale palipotakiwa, mbali na kidonda. Sikumwambia mtu. Nilijiona fundi.

Siku tatu baadaye tulikuwa tukiteremka Masingini na gunia nne za mbata. Gurudumu likaingia shimoni, gari likaruka, na ule ukanda wa shingoni ukakatika. Ulikatika katika tundu langu. Mkanda wa kifuani ukaanguka mpaka magotini mwa punda, ukamtega, akaenda chini kwa magoti yote mawili, na gari pamoja na mzigo wake likamwegemea kwa nyuma. Sasa mkanda ukawa umekazana kama waya. Ami aliruka akashika bizimu la ubavuni amfungue, lakini bizimu la ulimi lina tabia hii mbaya: ili uutoe ulimi tunduni lazima kwanza uuvute ukanda ukaze zaidi kidogo, na ukanda uliokwisha kukazwa na gunia nne hauvutiki. Akalishughulikia, halitoki. Punda anakoroma. Mwisho akachomoa kisu akaukata mkanda.

Punda alipona. Magotini nywele zilimrudi nyeupe, na alama hizo alikaa nazo mpaka kufa kwake. Gunia moja lilipasuka, na mbata zake tukazilipa.

Jioni ami alikaa barazani na kile kipande cha ukanda mkononi. Akauliza, "Nani katoboa hapa?"

Nikasema, "Mimi, ami."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Akasema, "Kesho ukitoka chuoni uje. Wewe ulitaka kitu cha haki, lakini umekitafuta mahali sipo."

Ni baadaye, nilipokuwa mwalimu mwenyewe, ndipo nilipoelewa vizuri kosa lilikuwa nini. Kila tundu linakula upana wa ukanda, na ukanda wenyewe ulikuwa wa inchi moja tu. Ukiyasogeza matundu karibu karibu, nyama iliyobaki baina yake haina nguvu, na moto wa msumari ulikuwa umeiunguza na kuikausha. Ukitaka kipimo cha katikati kwa njia ya matundu, unakinunua kwa nguvu ya ukanda. Kwa hiyo haikuwa kazi ya kuongeza matundu. Ilikuwa kazi ya kuyaondoa.

Ami hakuyasema kwa maneno hayo, lakini aliyajua. Jaribio lake la kwanza lilikuwa pete mbili za chuma alizozitoa katika hatamu kuukuu. Ncha ya ukanda inapita ndani ya pete zote mbili, kisha inarudi juu ya moja na kupita chini ya nyengine, na ukivuta, pete zinabanana na kuushika ukanda popote ulipo. Matundu hayahitajiki. Tukafunga gunia la mchanga katika tawi la mwembe, tukaliacha likining'inia usiku kucha. Asubuhi lilikuwa chini. Ngozi ya ukanda ilikuwa nene na ngumu, haikubali kukunjika vizuri katika pete, basi pete hazikupata pa kushika.

Akabadilisha ukanda kwanza. Mnadani mjini zilikuwa zikiuzwa kanda za askari za zamani, za turubali nene lililofumwa, na bizimu zake za shaba ya manjano hazikuwa na ulimi. Alinunua moja, akaikata, akaitazama muda mrefu. Kisha akachora juu ya karatasi ya sukari fremu yenye pembe nne, na ndani yake kijiti kinachokwenda mbele na nyuma, hakikufungwa. Ukanda unapanda, unakizunguka kijiti, unashuka. Mzigo ukivuta, kijiti kinavutwa kuelekea ukingo wa fremu na kuubana ukanda baina yao. Kadiri punda anavyovuta ndivyo kijiti kinavyobana. Na ukitaka kufungua, hata mzigo ukiwa umelala juu yake, unakisukuma kijiti nyuma kwa kidole gumba na ukanda unaachia. Hilo la kidole gumba ndilo alilolitafuta zaidi ya yote. Nilimwona akilijaribu macho yamefumbwa, mara ishirini, thalathini.

La kwanza lilifuliwa kwa chuma, likaharibika katika mwezi mmoja. Jasho la punda lina chumvi; chuma kikafanya kutu, na kijiti kikakwama njiani. La pili akalifanyisha kwa shaba ya manjano, kwa fundi mmoja mjini aliyetaka pesa zote mwanzo. Lilikuwa na kasoro moja: gari likiteremka, mvuto unapungua, kijiti kinalegea, na ukanda unateleza kidogo kidogo. Ami akashona kwa shazia kipete cha ngozi cha kuizuia ile ncha iliyobaki, na tukawa na desturi ya kutazama kila tukifika chini ya mteremko. Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo. Nilikuwa nikiingiza kiganja changu baina ya mkanda na kifua. Kikiingia kwa raha bila ya nafasi ya kuzidi, tunaendelea.

Kidonda kilifunga baada ya wiki chache. Punda mkubwa na punda mdogo walivaa mkanda mmoja mpaka gari lilipouzwa.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba, nilikuta habari za askari mmoja wa Kifaransa, Lefebvre des Noëttes, aliyetoa mwaka 1931 kitabu juu ya namna watu wa kale walivyofunga wanyama wa kuvuta. Alidai kuwa Warumi na Wayunani walifunga farasi kwa mkanda wa kooni uliowakaba, na kwa hiyo hawakuweza kuvuta mizigo mizito, mpaka ulipokuja mkanda wa kifua na kola ya mabegani, ambazo Wachina walikuwa nazo kabla ya watu wa Ulaya. Kitabu kilisifiwa sana. Kisha mwaka 1977 Mfaransa mwengine, Spruytte, alitoa kitabu chake baada ya kuunda magari kwa mifano ya kale na kuyafunga farasi wa kweli, akaonyesha kuwa mkanda ukikaa mahali pake farasi hakabwi hata kidogo. Niliposoma nilicheka peke yangu maktabani. Wasomi walikuwa wakibishana juu ya upana wa kiganja kimoja, ule ule wa Masingini.

Mimi nilifika Matrah mwaka 1975, na ami akaja mwaka 1977. Katika sanduku lake, baina ya kanzu, alilileta bizimu. Nadhani alitaraji kukuta magari ya punda, kwa kuwa huku ndiko kwa asili ya punda wetu mweupe. Hakukuta. Vichochoro vya Matrah ni vyembamba na vimepanda mlimani. Punda wa huku alikuwa wa kubeba mgongoni, kama wale wa Lamu wanaobeba mchanga na mawe katika shogi. Na hao wa kubeba nao walikuwa wanakwisha, kwa sababu barabara na magari vilikuja kwa kasi baada ya 1970.

Hata hivyo siku moja, nyuma ya soko, tulimkuta mzee na punda wake mwenye mizigo ya kuni. Tandiko lilifungwa tumboni kwa kamba ya mtende, kwa fundo. Ami alimwonyesha bizimu lake, akamweleza linavyokaza na linavyoachia. Mzee alilipokea, akaligeuza, akasema ni kitu kizuri. Kisha akashika ncha ya kamba yake, akaivuta mara moja tu, fundo lote likafunguka na tandiko likalegea. Akalifunga tena kabla hatujasema neno, akaingiza kiganja chake chini ya kamba kupima. Akamwambia ami, "Lako linataka fundi wa shaba. Langu linataka mtende."

Tuliporudi nyumbani ami alinyamaza njia nzima. Usiku nilimkuta kakaa na kipande cha kamba, anajifunza fundo lile. Hakuona aibu yoyote. Alisema kuwa kwa mzigo wa mgongoni mzee yuko sawa, lakini kwa gari kamba ingemchuna punda shingo. Nami naona wote wawili walikuwa sawa.

Bizimu lilipata kazi nyengine. Kwa miaka lilifunga mitungi ya gesi nyuma ya gari la ami ili isigongane, na mikono iliyolifungua ilikuwa ya wanawe, ambao hawajapata kumtandika punda. Sasa liko mezani kwangu. Kijiti chake kimelika katikati, kimeng'ara, na ukikisukuma kwa kidole gumba bado kinarudi bila ya kukwama.

Nina ombi kwa jamaa wote. Najua ziko nyumba, hapa Matrah, Ruwi, Seeb na hata Ulaya, ambamo matandiko ya Unguja yamelala darini au sandukuni: hatamu, lijamu, mikanda, shogi. Mwenye nayo aniletee au anipigie picha, nami nitayapima na kuyachora kwa ajili ya kitabu cha mwaka ujao, kisha nitayarudisha kama yalivyo. Hata yakiwa yamekatika. Yaliyokatika nayataka zaidi, ili nione yamekatikia wapi.