Mbwa wa Istanbul na jiji letu jipya

Binamu yangu ni mkimbiaji. Akienda mazoezi asubuhi hapa Eldoret, hubeba jiwe mkononi. La mbwa koko. Mkimbiaji yeyote wa huku anaelewa: saa kumi na moja alfajiri, giza, mbwa watatu wanachomoka kwa mahindi, na wewe uko na kaptura tu.

Novemba 2023 alienda Istanbul kukimbia marathoni. Nilingoja picha za daraja la Bosphorus, akanitumia za mbwa. Mbwa amelala mlangoni mwa duka, wateja wanamruka. Sikioni ana hereni ya plastiki kama ng'ombe wa gredi. "Manze, huyu huningoja kila asubuhi," akaniambia. "Na hata sijainama kuokota jiwe."

Hiyo kauli ndiyo ilinifanya nianze kusoma. Chuo niliacha, kusoma sijaacha.

Zama za dola ya Uthmaniya, mbwa wa Istanbul hawakuwa na mwenyewe, lakini walikuwa na mtaa. Walikula mabaki na kubwekea wageni usiku. Watu waliwalisha, ingawa Waislamu wengi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mark Twain alipita hapo 1867 akitarajia mbwa wakali, akakuta waliokonda wamelala katikati ya njia.

Kisha ikaja 1910. Watawala wapya wa mageuzi walitaka mji ufanane na miji ya Ulaya. Mbwa wakakusanywa, wakavushwa baharini na kutupwa Sivriada, kisiwa cha mawe kisicho na maji. Hesabu inayotajwa sana ni 80,000. Walikufa kwa njaa na kiu. 1912 lilipokuja tetemeko, halafu vita vya Balkan, wako waliosema ni laana ya mbwa. Kisiwa hicho pia huitwa Hayırsızada. Hiyo "hayır" ni ndugu ya "heri" yetu, zote zimetoka Kiarabu. Kisiwa kisicho na heri.

Sasa cheki hii. Mwaka huohuo wa 1910, huku kwetu posta ilikuwa inafunguliwa kwenye shamba nambari 64. Wenyeji wakaita mahali hapo Sisibo, kwa sababu ndivyo hiyo namba ya Wazungu ilivyotoka kwa ulimi wao. Na 15 Agosti 2024, Sisibo ikapewa hati ya kuwa jiji. Wiki mbili tu kabla, 30 Julai, bunge la Uturuki lilikuwa limepitisha sheria ya kuondoa mbwa barabarani na kuwafungia kwenye makao. Sheria ya zamani, ya 2004, ilisema umkamate, umchanje, umhasi, umrudishe ulikomtoa. Ndiyo maana ya ile hereni. Binamu hajui yule wake aliishia wapi.

Wasee, sitawadanganya. Kichaa cha mbwa kinaua, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini sumu na risasi si dawa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Ukiua aliyechanjwa, nafasi yake inachukuliwa na asiyechanjwa. Kenya yenyewe imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivi ifikapo 2030. Kwa hiyo jiji likitaka kung'aa, lianze na takataka zinazowalisha hao mbwa, kisha lilete sindano.

Shida ni kwamba lori ni rahisi kuliko sindano. Mji ukitaka kupendeza wageni, huanza kwa kupakia wasio na mwenyewe. Na sisi wa Eldoret tunajua si mbwa pekee hupakiwa. Uliza chokoraa wa hapa tao.

Binamu alirudi na bado hubeba jiwe. Lakini kuna mbwa mmoja hulala nje ya bucha huku Langas, na huyo hupita bila kumrushia. Amempa jina. Anamwita Sisibo.

Wa mtaani kwenu anaitwaje?