Faida za Kazi ya Afya: Historia Fupi kwa Vijana Wetu



Kila mara vijana wetu wanapomaliza masomo ya sekondari, swali linalotufikia ni moja: tufanye kazi gani? Tukitaja kazi ya afya, wengi hutikisa kichwa. Husema motisha ni ndogo, zamu za usiku ni ndefu, na mgonjwa akifariki lawama humwangukia muuguzi. Hayo ni kweli, wala hatutayaficha. Lakini katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema tujibu kwa historia, kwa kuwa kazi hii ina faida ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya malipo.

Wasaidizi waliobaki na wagonjwa

Tuanze na nchi tuliyotoka. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na daktari hata mmoja aliyekuwa Mkongo. Wabelgiji walijenga hospitali nyingi, lakini kwa miaka mingi mwenyeji hakuweza kupanda zaidi ya cheo cha uuguzi au cha msaidizi wa daktari. Mwezi wa Julai machafuko yalipoanza, madaktari wengi wa kigeni walifunga mizigo yao wakaondoka. Wagonjwa walibaki vitandani.

Waliobaki nao ni wale wale waliokuwa wakiitwa wasaidizi, pamoja na wauguzi, huku timu za nje zikiletwa kuwaongezea nguvu. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakakamilishe masomo yao, na kuanzia 1963 walirudi wakiwa madaktari kamili. Hii ndiyo faida ya kwanza tunayoiona: anayeanza chini katika kazi ya afya hafungiwi chini. Alichojifunza akiwa msaidizi ndicho kilichomfungulia mlango siku ulipofunguka.

Wakimbizi waliowahudumia wakimbizi

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini unatuhusu kuliko wasomaji wengine wote, maana ulitokea kambini. Mwaka 1971 vita vya Pakistan ya Mashariki, nchi inayoitwa leo Bangladesh, viliwakimbiza watu wapatao milioni 10 kuingia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kilizuka. Wagonjwa walilala sakafuni, na maji ya kutundika yalikuwa yakiisha.

Daktari aliyekuwa hapo, Dilip Mahalanabis, aliamua kutumia njia ambayo wakubwa wengi wa udaktari hawakuiamini bado. Alichanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi katika maji safi, akayatia kwenye mapipa yenye bomba. Ndugu wa wagonjwa walikinga kwa vikombe na kuwanywesha watu wao. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa karibu 30. Miongoni mwa walionyweshwa maji yale, vifo vilishuka hadi chini ya 4. Chumvichumvi ya pakiti tunayowapa watoto wanaoharisha leo ilipata sifa yake duniani kwa kazi ile.

Tuitazame vizuri habari hii, ndugu zetu. Walioshika vikombe walikuwa mama, baba na dada, wakimbizi kama sisi, waliofundishwa kwa muda mfupi wakafundishika. Elimu ndogo iliyowekwa mahali pake iliokoa watu wengi.

Upande wa pili wa mfano huu tunaujua kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma kwa siku chache tu. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, maji safi yalikuwa haba, na katika mwezi wa kwanza walifariki watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa ilikuwa inajulikana tangu zamani. Kilichopungua ni maji, na mikono ya kutosha iliyojua kuwanywesha wagonjwa mapema na kwa wingi.

Mwaka 2015 kipindupindu kilitufuata hata Kigoma. Wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kisha wengi wakaletwa kwa meli ya Liemba na baadaye kwa magari hadi Nyarugusu. Maelfu waliugua, lakini vifo vilihesabiwa kwa makumi. Hatusemi mambo yalikuwa sawa na ya Goma, kwani idadi ya watu haikuwa moja, na msaada wa serikali na mashirika ulifika, pamoja na chanjo ya kunywa. Hata hivyo, chanjo haijitangazi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, anayejua lugha ya mama mwenye nyumba, akaaminiwa. Mtu huyo ni mhudumu wa afya ya jamii, na kwa kawaida ni mkimbizi.

Hatari ipo, na heshima ipo

Hatutaki kumdanganya kijana. Ebola ilipotokea Yambuku mwaka 1976, wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali ile walikufa. Mwaka 1995 kule Kikwit, wauguzi na madaktari walikuwa tena miongoni mwa wahanga. Lakini katika damu ya mtu aliyepona Kikwit watafiti walipata kinga ambayo kwayo ilitengenezwa dawa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola huko kwetu Kongo mashariki mwaka 2018 na 2019, na mwaka 2020 ikaidhinishwa Marekani. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyefika Yambuku mwaka 1976 akiwa bado kijana, alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Yaani alikaa na swali moja zaidi ya miaka 40 mpaka jibu likapatikana.

Na wazee wetu wa Kivu Kusini wanaikumbuka Lemera. Mwezi wa Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwezi uliofuata kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kuwapokea watu waliokimbia vita hivyo hivyo. Daktari mmoja wa Lemera, Denis Mukwege, aliyesomea udaktari Burundi, alipoteza hospitali, wenzake na wagonjwa wake. Elimu yake hawakuipata. Mwaka 1999 alianza upya Panzi, mjini Bukavu, akiwatibu wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji wa vita, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Hapo ndipo tunapoliona jibu la swali la vijana. Sisi tuliacha nyumba, mashamba, ng'ombe na nyavu. Mkunga aliyekimbia alikuja na ukunga wake wote. Mpakani walipekua mabunda, ukunga hawakuuona, na usiku wa kwanza mama mmoja aliposhikwa na uchungu, watu walimtafuta yeye. Kazi nyingi hungoja ardhi, mtaji au kibali. Kazi ya afya huanza pale penye mgonjwa.

Maneno ya mwisho

Kwa vijana: si lazima wote muwe madaktari. Maabara, duka la dawa, chanjo, lishe, usafi wa maji, ukalimani wodini na ushauri kwa wenye majonzi, yote ni afya. Msikimbie hesabu na sayansi. Haraka haraka haina baraka, na msaidizi wa leo ni mganga wa kesho.

Kwa wazazi: msichana anayetaka uuguzi asizuiwe kwa sababu ya zamu ya usiku. Apatiwe ndugu wa kumsindikiza.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tunawashukuru kwa mafunzo. Tunaomba kila mafunzo yamalizike kwa cheti kinachotaja masomo yaliyofundishwa, saa zake na kazi ambayo mtu anaweza kuifanya, ili akirudi nyumbani au akihamia nchi nyingine asianze tena kama hajui kitu. Motisha huisha mwisho wa mwezi, lakini cheti kilichoandikwa vizuri humfuata mtu miaka mingi.

Na kwa wale mlio zamuni mkisoma haya, Kamati inasema: asanteni. Watoto wanaocheza nje ya wodi ni sehemu ya mshahara wenu.