Hadithi ya Kutisha Inaposimuliwa Upya

Kila taifa lina hadithi zake za kutisha, na kila kizazi huzipokea na kuzivika vazi jipya. Swali linalotupasa kujiuliza ni hili: je, vazi hilo jipya huitia hadithi nguvu, au huificha tu? Natutazame mfano mmoja wa kwetu na mwingine wa ng'ambo.

Wajaluo huliita Ziwa Viktoria Nam Lolwe. Hapo kale, katika vijiji vya ufuoni na vya bara, wasichana walilala katika nyumba iitwayo siwindhe, chini ya ulezi wa bibi kizee aitwaye pim. Humo walijifunza adabu, mafumbo na ngano. Katika ngano za Wajaluo imo ile ya binti wa mkuu aliyetolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Ngano za namna hii zilisimuliwa usiku. Nusu ya kitisho chake ilikuwa katika sauti ya msimulizi, na nusu katika giza lililouzunguka moto.

Grace Ogot alizaliwa Asembo, magharibi ya Kisumu, mwaka 1930, akafariki mwaka 2015. Ngano za kale alizipata kwa nyanya yake. Hii ya kafara aliiandika kwa Kiingereza, ikachapwa mwaka 1963 katika Black Orpheus, jarida la Nigeria. Mwaka 1968 ikatokea tena, kwa jina la The Rain Came, katika kitabu chake Land Without Thunder.

Karatasi haina giza wala sauti ya mkongwe. Basi mwandishi alikitafuta wapi kitisho? Alikitafuta mioyoni mwa watu. Twamwona Labong'o akiraruka kati ya ubaba na ukuu: akimficha bintiye, watu wake watakufa kwa ukame, akimtoa, amempoteza mwana. Twawaona wanakijiji wakicheza ngoma kwa furaha, ilhali Oganda anajiandaa kwenda kufa. Zimwi lenyewe halionekani hata mara moja. Kijana Osinda, mpenzi wake, anamwokoa, wakakimbia pamoja. Na mvua inanyesha vilevile! Je, kafara ilihitajiwa? Mwandishi hakujibu, amekuachia wewe, msomaji.

Mwaka huohuo wa 1968, huko Pittsburgh, Marekani, George Romero alitoa filamu iitwayo Night of the Living Dead. Maiti wanafufuka na kuwala walio hai, na watu saba wanajificha katika nyumba moja ya shamba. Badala ya kushirikiana, wanagombana. Ben, mtu mweusi mwenye ujasiri, ndiye peke yake anayeuona mchana. Lakini anapigwa risasi na watu waliokuja kuwasaka maiti, wakidhani naye ni mmoja wao.

Mwaka 1990 Tom Savini aliitengeneza upya filamu hiyo, kwa rangi, na Romero mwenyewe akaandika mchezo wake. Barbara, ambaye katika ile ya kwanza alikuwa amepigwa bumbuazi, sasa anashika bunduki na kutoka akiwa hai. Hilo ni badiliko jema, kwani lampa mwanamke akili na nguvu. Lakini Ben safari hii anakufa kwanza, anafufuka, ndipo anapopigwa risasi. Wauaji wake hawakukosea tena. Kwa hiyo ule uchungu mkali wa filamu ya kwanza, wa mtu aliye hai kuhesabiwa maiti, umepungua.

Twajifunza nini? Kwamba kusimulia upya si kuongeza damu wala rangi, wala si kunakili neno kwa neno. Msimulizi mpya hana budi kuuliza: hofu ya kweli ya hadithi hii iko wapi? Ogot aliiona kwa jamaa wapole wanaokubali mmoja afe ili wengine wapone. Romero aliiona ndani ya nyumba, si nje yake.

Nawe, msomaji, utakapozipokea ngano za wazee wako, usiridhike kuliogopa zimwi peke yake. Watazame na wale wanaomsindikiza binti ziwani, kisha ujiulize kama wewe ungalikuwa miongoni mwao.