Kumbukumbu ya Ruta: Kutoka Los Angeles 1969 hadi Base Camp

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliielewa vizuri siku moja pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwa nimesimama mbele ya ruta iliyosahau kazi yangu yote. Katika insha hii nitaeleza vifaa vilivyomo ndani ya ruta ya taasisi kwa kufuata historia yake, hasa historia ya kumbukumbu zake.

Ruta ni kompyuta yenye kazi maalumu. Hupokea pakiti za data kwenye mlango mmoja, husoma anwani ya mwisho wa safari, kisha huzitoa kwenye mlango unaofaa. Babu yake aliitwa IMP. Kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Marekani ilimtengeneza kutokana na kompyuta ya Honeywell DDP-516, na wa kwanza alifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti 1969. Alikuwa mkubwa kama friji, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 400, na kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi ya maneno 12,000 hivi ya biti 16.

Kumbukumbu hiyo ilifumwa kwa vipete vidogo vya sumaku. Sumaku haihitaji umeme ili ikumbuke. Wahandisi walijua kuwa umeme utakatika, na mashine itakuwa mbali na fundi, kwa hiyo waliipa uwezo wa kutambua umeme unapopotea na kujiwasha yenyewe unaporudi. Kwa hiyo hofu ya kukatika kwa umeme haikuanzia kwetu Afrika. Ilikuwepo tangu mwanzo.

Miaka ya 1980 ruta ilipungua umbo. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, William Yeager aliandika programu ya kuunganisha mitandao ya idara mbalimbali, kwanza kwenye kompyuta ya PDP-11, baadaye kwenye bodi zenye prosesa ya Motorola 68000. Leonard Bosack na Sandy Lerner, waliokuwa wakifanya kazi hapohapo, walianzisha kampuni ya Cisco mwaka 1984. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilipata leseni ya kutumia programu na bodi za Stanford.

Wakati huo vipete vya sumaku vilikuwa vimeshaacha nafasi kwa chipu za RAM. Chipu hizo ni ndogo, rahisi na za haraka, lakini zina kasoro moja: umeme ukizimika, zinasahau. Ndiyo maana ukifungua ruta ya taasisi ya miaka ya 1990, kama zile za Cisco 2500, hukuti kumbukumbu moja bali nne. ROM hubeba maagizo ya kwanza ya kuamka na kujikagua. Flashi hubeba programu endeshi. NVRAM, ambayo kwenye ruta hizo ni KB 32 tu, hutunza mipangilio iliyohifadhiwa. RAM hushika jedwali la njia na mipangilio inayotumika sasa hivi. Kando yake kuna prosesa, kipande cha kugawa umeme, milango ya mtandao, na mlango wa konsoli ambao fundi huunganisha kompyuta yake.

Ruta kubwa ziliendelea kubadilika. Mwaka 1998 Juniper ilitoa M40, ambayo ilitenganisha sehemu inayopanga njia na chipu maalumu zinazosukuma pakiti. Lakini mgawanyo ule wa kumbukumbu inayosahau na inayotunza ulibaki.

Uganda haina bahari, na zamani ilitegemea sana setilaiti. Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na mawasiliano yakaja Kampala kwa nyaya za nchi kavu kupitia Kenya. Kadiri mtandao ulivyosambaa, hata sisi wa Nakivale tulianza kuona ruta kwenye vituo vidogo vya kompyuta, nyingi zikiwa zimetumika kwingine kabla ya kutufikia.

Nilikuwa likizo kutoka chuoni Mbarara, nikijitolea katika kituo kimoja. Ijumaa nilibadilisha anwani kwenye ruta, mtandao ukawa mzuri, watu wakanishukuru. Sikutoa amri ya kunakili mipangilio kutoka RAM kwenda NVRAM. Jumapili ilinyesha, betri za sola zikaisha usiku. Jumatatu ruta iliamka na mipangilio ya zamani, na hapakuwa na njia ya kutoka nje. Dada mmoja alikuwa amekuja kutuma maombi ya ufadhili wa masomo, mwisho saa kumi na moja jioni. Nilijaribu kukumbuka anwani moja baada ya nyingine. Mtandao ulirudi saa mbili usiku.

Aliniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, kwani hukuandika mahali?"

Sikuwa na jibu. Ruta haikuharibika, ilifanya kama ilivyoundwa. Kutoka vipete vya sumaku hadi NVRAM, wahandisi walitafuta namna ya kuilinda kumbukumbu dhidi ya giza, lakini hatua ya mwisho, ya kuamua kipi kitunzwe, kwenye ruta hizi waliiacha mikononi mwa fundi. Mahali penye umeme wa uhakika, fundi anaweza kuisahau hatua hiyo kwa miezi na asijue. Base Camp itamuumbua kabla ya Jumatatu.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu tunaosomea mitandao: hifadhi mipangilio, kisha zima ruta na uiwashe mwenyewe uone kama imekumbuka. Pale kituoni sasa kuna daftari limefungwa kwa kamba kando ya ruta. Ukurasa wa kwanza una anwani zote, na tarehe ya ile Jumatatu.