Njia ya Shirika, Siri ya Mwenyewe

Mkonga wa telegrafu ulipowasili Unguja kutoka Aden mwaka 1879, tajiri aliyetaka kuuliza bei ya bidhaa ng'ambo alilipa kwa hesabu ya maneno, na maneno yenyewe yakapita mikononi mwa makarani asiowajua; kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa zama zile walitumia vitabu vya mafumbo, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima, wakapunguza gharama na papo hapo wakaistiri siri yao.

Karne iliyofuata ikaleta fikra nyingine, kwamba faragha ni kuwa na waya wa peke yako. Wenye mabenki na viwanda wakakodi laini za simu baina ya tawi na tawi, wakazilipia usiku na mchana, ziwe na la kusema au zikae kimya. Mwenye matawi 10, akitaka kila moja lisemezane na jingine bila ya kupitia kwa la tatu, alihitaji laini 45. Yakifika 20, laini 190. Mashirika 11 ya ndege yalikwisha kuchagua ushirika mwaka 1949, yalipounda SITA ili yachangie mtandao mmoja.

Ilipoenea itifaki ya intaneti, anwani zote zianziazo na 10, zaidi ya milioni 16, zilithibitishwa mwaka 1996 kuwa za matumizi ya ndani, kila mtu azitumie kwake bila ya ruhusa. Lakini benki mbili zenye anwani moja zingepitaje njia moja? Mwaka 1999 Eric Rosen na Yakov Rekhter, wahandisi wa Cisco, walieleza hila yake: pakiti iingiapo katika ruta ya kampuni ya simu hubandikwa lebo mbili, ya nje ikionyesha njia na ya ndani ikionyesha mteja, na kila mteja huwekewa daftari lake la njia, hata 10.0.0.1 ya huyu isichanganyike na ya yule.

Pwani yetu, iliyokuwa ikitegemea satelaiti kwa mawasiliano ya ng'ambo, ilipata mkonga wa SEACOM mwaka 2009, miaka 130 baada ya ule wa telegrafu. Hata hivyo lebo hutenga tu, haifichi. Aliyeishika ruta ya katikati aweza kusoma kilichomo, sawasawa na karani wa Aden. Ndiyo maana benki yenye hadhari hufumba risala zake kabla hazijatoka mlangoni.